Kuku Mwekundu na Sanduku la Nta

2 Machi
Leo wifi yangu amehojiwa redioni. Mimi sina redio ya kunihoji, basi nitajihoji mwenyewe humu. Niliishia darasa la nne lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Walimhoji kwa sababu mjukuu wake anauza maji ya kunywa kwa simu. Unapiga, analeta. Amepata mwekezaji, mtu wa kumtilia fedha kwenye biashara ili baadaye wagawane faida. Mtangazaji akauliza siri ya mafanikio ni nini. Wifi akakohoa kidogo, kama mtu mkubwa, akasema: "Nilimlea katika maadili." Maadili! Mtoto kalelewa na mama yake, yeye kazi yake ilikuwa kulala mchana na kuuliza chakula kimeiva. Marehemu mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, angekuwa hai angecheka mpaka akaanguka.

Nilizima redio. Kumbe ilikuwa ya jirani, akaja kuiwasha tena.

5 Machi
Mimi pia nina mjukuu, na wangu ana akili. Namwita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Ametengeneza sanduku la kuangulia vifaranga. Yeye na fundi seremala wamelijenga kwenye chumba cha marehemu, nilichokuwa nimekitunza na kitanda chake. Kitanda sasa kiko ukumbini, kila mgeni anakikalia.

Sanduku lina kuta mbili, na katikati kuna nta. Umeme ukiwapo, taa inapasha, nta inayeyuka. Umeme ukikatika, nta inaganda polepole na joto lake linabaki na mayai. Kwingine umeme ukikatika mayai yanakufa. Hapa kwetu umeme unakatika hata mtu akipiga chafya.

Nilimwambia, "Mimi nimeangua vifaranga miaka yote bila nta wala seremala."

"Kuku wako ndiye aliyeangua, Bibi."

Mdomo huo ameutoa kwangu, sina wa kumlaumu.

9 Machi
Mwekezaji amekuja kuona sanduku, si yule wa mjukuu wa wifi. Mwanamke, mrefu, viatu vya kufunga. Mke mwenza alivua kitambaa chake cha kichwani akafuta kiti ili mgeni akae. Mimi nimekaa kwenye viti vya nyumba hii maisha yangu yote na vumbi langu nafuta mwenyewe.

Alisikiliza yote, hakusifu. Akasema, "Nitarudi mayai yakitimiza siku zake. Sitaki picha wala makaratasi. Nataka mayai yawekwe, mvua inyeshe, umeme ukatike, na mimi nione kwa macho kilichotoka. Yakishindwa, uniambie yameshindwa. Mtu akinidanganya mara moja, hata ukweli wake sinunui."

Kumbe ukweli nao unauzwa. Ningejua ningekuwa tajiri.

14 Machi
Mayai yameingia sandukuni. Mke mwenza aliyapanga kama mtu anayelaza watoto. Fundi aliomba dua ndefu, nikamwambia Mungu ana kazi nyingine.

Siku hiyohiyo, bila kumwambia mtu, nimemwatamisha mayai kuku wangu mwekundu nyuma ya jiko. Tuone nani mama.

15 Machi
Mvua.

16 Machi
Mvua. Umeme umekatika, umerudi, umekatika.

20 Machi
Siku hizi nyumba hii ina msemaji ambaye haishi humu. Nikisema chai ni tamu, "Mama mwekezaji anasema sukari si nzuri." Nikisema fundi alipwe baadaye, "Mama mwekezaji anasema mwenzako usimfiche hesabu." Jana nimemuuliza:

"Mama mwekezaji amekuogesha ukiwa na surua?"

"Bibi, jamani."

"Jibu. Amekuogesha?"

"Hakuniogesha."

"Basi apunguze kusema."

Akacheka, akanikumbatia. Lakini jioni nimemsikia kwenye simu akimwambia yule mama, "Wewe ni kama mzazi wangu." Nimekwenda kukaa na kuku.

23 Machi
Wifi amekuja. Anasema alikuwa anapita. Hapa hapapitiki, ni mwisho wa njia.

Kavaa miwani mipya. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kaka yake akaangalia sanduku kama mtu anayeangalia jeneza.

"Wifi, hivi kuku si wanaangua wenyewe?"

"Na maji je, wifi? Si yanashuka yenyewe kutoka juu?"

"Aaa, usinune. Mjukuu wangu mimi mwekezaji wake alimpa fedha siku ileile. Hakusubiri yai wala nini."

"Labda alitaka aondoke haraka, asikusikilize wewe."

Tulicheka wote wawili, kila mmoja meno yake. Alipoondoka nimetupa chini kikombe alichonywea. Hakikuvunjika. Hata kikombe kinamwogopa.

27 Machi
Umeme umekwenda tangu juzi. Mke mwenza halali, anakaa chini karibu na sanduku, anasoma kipimajoto, anaweka kiganja ukutani kama anampima mtoto homa. Nimempelekea uji.

"Bibi usifungue mlango, joto linatoka!"

Nimesimama kwenye ukumbi wangu na uji wangu. Nilikuwa namlisha huyu mtoto kwa kijiko akitema nusu. Sasa nafungiwa mlango kwa ajili ya mbao na nta. Uji nimeunywa mimi.

29 Machi
Mvua. Umeme umerudi.

1 Aprili
Fundi amenitolea siri, na si utani wa siku ya wajinga. Mke mwenza amekwisha kuzungumza na shangazi yake wa mji wa mbali. Kuna kazi ya kuuza dukani. Mwekezaji akikataa, anaondoka, kwa sababu fedha zake zote zimekwisha kwenye nta.

"Usimwambie kuwa nimesema, Bibi."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitarudi kwenye milango na madirisha."

Yeye ana milango na madirisha. Mimi nitabaki na nani? Na wifi atapita tena mwisho wa njia, aniulize mjukuu wangu yuko wapi, huku wake yuko redioni.

4 Aprili
Nitaandika yote, kwa sababu kila mtu atayasema kivyake na mimi nataka langu lisomeke.

Asubuhi mke mwenza alitoka chumbani macho mekundu. Siku za mayai zimetimia na hakuna lililopasuka, hakuna hata sauti ndani ya ganda. Alisema tu, "Nitamwambia yalivyo." Akaoga, akaenda barabara kuu kumpokea mgeni, maana gari haliwezi kuingia kwa matope. Fundi alikwenda kuazima viti.

Nyuma ya jiko, kuku mwekundu alikuwa ameshatotoa tangu jana. Vifaranga wamekauka, wameshiba joto, wanachungulia kwenye mbawa. Nikasimama nikawatazama. Nikamwona wifi na miwani yake. Nikaliona begi la mke mwenza mlangoni, ingawa halikuwapo bado.

Sikufikiri sana. Ningefikiri sana ningekuwa profesa. Niliyatoa mayai ya sanduku nikayafunga kwenye khanga. Nikawachukua vifaranga nikawaweka sandukuni, na maganda yao nikayatawanya vizuri. Mayai nikamwekea kuku, kwa sababu hata mimi siwezi kulitupa yai ambalo huenda bado lina uhai. Nikamfunika kwa tenga na juu ya tenga nikaweka jiwe la kusagia. Nikanawa mikono, nikavaa gauni la kutokea.

Walikuja. Mke mwenza alikuwa njiani ameshaanza kueleza, nikamsikia: "Mama, huenda leo usione kitu." Akafungua mlango wa chumba. Kwenye kioo cha sanduku, vifaranga wakamtazama.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Akamkumbatia fundi, akamkumbatia mgeni, halafu akaja kwangu akanibeba juu, mimi na magoti yangu, akazunguka. "Bibi, wametoka! Wametoka!" Nikasema, "Nimeona." Mgeni akatabasamu, mara ya kwanza. Akakaa. Nikamimina chai. Nilikuwa na furaha kama niliyeolewa upya, na mume safari hii ana mali.

Halafu vifaranga wakaanza kulia.

Wa kuku huwa wanamlilia mama yao, wa sanduku hawana wa kumlilia. Jambo hili nalijua tangu utoto, na siku niliyolihitaji limenipita kando. Walilia, na nyuma ya jiko kuku mwekundu akajibu. Nikasikia jiwe linaanguka. Nikapandisha sauti, nikamuuliza mgeni habari za watoto wake, hana watoto, nikamuuliza habari za barabara.

Kuku akaingia. Alipita ukumbini, akapita chini ya kitanda cha marehemu, akaingia chumbani kati ya miguu ya watu, manyoya yamesimama, akarukia sanduku na kukidonoa kioo. Ndani, vifaranga wote wakakimbilia upande wake, wakapandiana.

Mgeni akacheka. "Jamani, hata kuku amekuja kukagua mashine!"

Fundi akacheka zaidi yake. Nami nikacheka. "Huyu ana wivu," nikasema. "Mfukuzeni."

Mke mwenza hakucheka. Alimtazama kuku, akawatazama vifaranga, akanitazama mimi.

"Bibi."

"Nini? Mimina maziwa, mgeni anasubiri."

"Bibi, mayai yangu yako wapi?"

Fundi naye akaelewa. "Tuendelee na chai kwanza," akasema, "mambo ya kuku tutazungumza sisi wenyewe." Na alimkanyaga mke mwenza mguu, nimeona. Mgeni alikuwa bado anacheka. Hakuwa amejua kitu. Mtu wa viatu vya kufunga atajuaje kilio cha kifaranga? Ilikuwa mke mwenza anyamaze tu. Si aseme uongo. Anyamaze!

Akasema, "Mama, hawa hawakutoka kwenye sanduku. Ni wa kuku huyu."

Mgeni akaweka kikombe chini. "Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi."

"Ungeweza usiniambie."

"Ningeweza."

Nikaona sasa atalaumiwa yeye, nikasimama. "Nimefanya mimi, mikono hii. Na usimtazame hivyo, mtazame aliyefanya."

Yule mama akanitazama. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. "Bibi, sina ugomvi nawe. Ila nilikuja kuona kitu, na sikukiona." Akashukuru kwa chai. Akaondoka kwa miguu, kwenye matope.

Nilimwambia mke mwenza amenivua nguo mbele ya mgeni. Nilimwambia mtoto mwenye akili hufunika chungu cha bibi yake. Alifungua sanduku, akamrudishia kuku watoto wake mmoja mmoja, akayakusanya mayai nyuma ya jiko, akayaweka chini ya kuku pamoja nao. Nikamuuliza kwa nini asiyarudishe sandukuni. Akasema, "Kwani sasa kuna tofauti?"

5 Aprili
Hatusemezani. Mvua.

6 Aprili
Mayai yametotoa! Yale ya sanduku. Yalichelewa kwa sababu ya baridi ya siku zile za umeme, hayakuwa yamekufa. Nilikimbia, mimi ninayetembea kwa fimbo.

"Mke mwenza! Sanduku lako linafanya kazi! Njoo uone!"

Alikuja akachuchumaa, akawatazama kwa muda mrefu.

"Wamelala chini ya kuku siku mbili, Bibi. Nitajuaje limewafikisha joto la nani?"

"Sema la sanduku."

"Nimwambie nani?"

"Watu!"

"Watu watakubali. Mimi ndiye sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Ungeyaacha yakachelewa, leo ningekuwa najua."

Nilifikiri nimemharibia fedha. Fedha zinatafutwa. Nimemharibia jambo ambalo siwezi kumnunulia.

Begi liko mlangoni. Sasa ni begi la kweli.

8 Aprili
Wifi amesikia. Nani kamwambia? Fundi ana mdomo kama ndoo iliyotoboka. Amenipigia simu, acheke kwa gharama yake mwenyewe.

"Wifi, nasikia kuku wako ameingia mkutanoni."

"Aliingia. Alikuwa na akili kuliko waliokaa."

Nilimkatia. Kisha nikakaa nikaona nimesema kweli, nikakasirika upya.

11 Aprili
Mwekezaji amepiga simu. Mke mwenza aliweka sauti juu ili nisikie, sijui ni adabu au adhabu.

Alisema hawezi kutia fedha kwa sababu tu mtu ni mkweli. Wakweli ni wengi, na wengine masanduku yao hayaangui. Lakini kwa sababu mtu ni mkweli yuko tayari kurudi mara ya pili. Mayai mapya. Chumba kifungwe. "Na ufunguo akae nao mtu asiye na sababu ya kuwapendelea. Mnaye mtu anayetamani mshindwe?"

Fundi akanitazama. Mke mwenza akanitazama. Mimi nikatazama dari. Nyumba nzima ilikuwa na jina moja mdomoni.

"Shangazi nitamwambia asubiri," mke mwenza akasema. "Lakini Bibi, chumbani usiingie."

"Kwenye chumba cha mume wangu?"

"Kwenye chumba cha mume wako."

12 Aprili
Wifi amekabidhiwa ufunguo. Ameufunga kwa uzi shingoni, juu ya nguo, uonekane.

13 Aprili
Anakuja asubuhi na jioni. Mke mwenza akitaka kugeuza mayai, wifi anafungua, anasimama, anafunga. Halafu anakaa kwenye kitanda cha kaka yake na kuomba chai.

17 Aprili
Mvua. Wanacheka humo ndani. Mke mwenza anamfundisha kusoma kipimajoto. Mimi hakunifundisha. Kweli sikuomba.

21 Aprili
Umeme umekatika. Wifi anatoka chumbani anasema, "Nta imeanza kuganda, lakini joto lipo," kama yeye ndiye aliyeivumbua. Nimemuuliza mke mwenza yai lisipototoa wifi atafurahi kiasi gani. Akasema, "Ndiyo maana nimempa yeye."

22 Aprili
Hakuna umeme.

23 Aprili
Hakuna umeme. Wifi amekuja kwenye mvua, amefunika ufunguo kuliko alivyojifunika mwenyewe. Anakohoa. Nimempa kitambaa kikavu kwa sababu anatonesha sakafu yangu.

24 Aprili
Umeme umerudi. Jana mchana mlango ulikuwa wazi kidogo, wifi amesinzia. Nilifika mpaka kizingitini. Nilitaka kugusa ukuta wa sanduku tu, kusikia kama una joto. Nikarudi jikoni nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

30 Aprili
Jua. Nimeanika kila kitu.

3 Mei
Siku imetimia. Mwekezaji alifika, safari hii alikuja na viatu vya mpira. Mimi, fundi, mke mwenza na yeye tulibaki ukumbini. Wifi aliingia peke yake, ndivyo walivyokubaliana, atoke aseme alichoona kabla mtu mwingine hajakiona.

Alikawia humo. Mke mwenza alinishika mkono. Wangu, si wa yule mama, ingawa alikuwa amekaa katikati yetu.

Nilikuwa na hakika. Namjua wifi tangu niolewe. Ana mjukuu redioni, ana miwani, na siku aliyoisubiri muda wote imekuja mpaka mlangoni. Akifungua madirisha akawapoza wote kabla hatujaingia, kisha akasema "hakuna kitu", nani atambishia? Ningekuwa mimi! Nilimwazia hivyo kwa sababu najua ningekuwa mimi.

Mlango ukafunguka. Wifi alisimama, kifaranga mmoja kiganjani, uso wake kama aliyetafuna dawa ya malaria.

"Wametoka," akasema.

Mke mwenza akapiga ukelele.

"Subiri, sijamaliza. Si wote. Pembe ya nyuma, karibu na dirisha, hawakutoka. Na wawili wametoka wamekufa. Mama, njoo uone hiyo pembe, joto halifiki. Nilimwambia huyu binti tangu umeme ulipokatika."

Nikamnong'oneza, "Wifi, waliokufa ulikuwa na haja gani ya kuwataja?"

Akajibu kwa sauti, mbele ya wote: "Si ndio maana nimepewa ufunguo?"

Mwekezaji aliingia, akakaa humo na mke mwenza mpaka chai ikapoa. Walizungumza juu ya ile pembe kuliko juu ya waliotoka. Walipotoka, yule mama akasema atatia fedha. Ni kidogo kuliko alizopata mjukuu wa wifi. Nimeuliza. Za kujenga masanduku mengine na kurekebisha pembe, na fundi awe na fungu lake kwa maandishi. Mke mwenza amempigia shangazi yake kumwambia haendi.

Baadaye aliingia jikoni. "Bibi, njoo uwaone."

"Sijaruhusiwa."

"Umeruhusiwa sasa."

"Nitakwenda nikimaliza."

Sikuwa na la kumaliza. Nilitaka wifi aondoke kwanza, maana sikutaka anione nikifurahia kitu alichokisemea kweli yeye. Lakini hakuondoka. Alivua uzi shingoni, akauweka ufunguo mezani, akakaa kwenye kitanda cha kaka yake, anakohoa, miguu imelowa, hana tena kazi na hajui pa kuiweka mikono.

Nimemtilia chai. Nimemwekea na sukari, nikakoroga mwenyewe, na nikamwambia asizoee.